Nyuma ya Daftari

Mwezi Aprili mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa, mpwa wangu aliyekuwa darasa la tano alinipa daftari lake nimsahihishie. Mbele kulikuwa na maswali ya kifurushi ambacho mama yake alikitoa kopi steshenari: maswali 40 ya Kiswahili, majibu ya neno moja moja, mwandiko wa mtu anayetaka kumaliza aondoke. Nilipolifunga, daftari likageuka mkononi, nikaona kumbe na nyuma kumeandikwa, kichwa chini miguu juu, kuanzia ukurasa wa mwisho kuja mbele. Huko kulikuwa na hadithi ya kuku aliyepotelewa na vifaranga wake sokoni. Kurasa sita, nukta hakuna, aya hakuna, herufi kubwa zimewekwa pale zilipompendeza mwandishi. Nikamuuliza mbona hii hakunionyesha.

"Hiyo si ya shule, mjomba," akasema.

Jibu hilo limenikaa kichwani miaka yote hii, maana ndani yake mna suala zima la kazi za hiari kwa mwanafunzi anayesomea nyumbani. Kazi aliyoagizwa aliifanya kwa kulipua. Ile aliyoianza mwenyewe aliifanya kwa wiki nzima, kisha akaificha. Walimu na wazazi tukizungumzia kazi za hiari, kwa kawaida tunauliza kama watoto watazifanya. Naona swali hilo tunaliuliza mapema mno. Kwanza tuulize kama mtoto ana cha kuchagua, na kama akishaandika yupo wa kumsoma. Mawili hayo yakikosekana, neno "hiari" linabaki jina zuri la kumwacha mtoto peke yake.

Kusomea nyumbani kwetu huja kwa njia nyingi. Kuna likizo ndefu, kuna mafuriko yanayokata barabara, kuna mtoto aliyelazwa miezi miwili, kuna kusubiri matokeo baada ya mtihani wa mwisho. Lakini ni mwaka 2020 uliotuonyesha sote kwa pamoja jinsi tulivyojiandaa, au tusivyojiandaa. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa; kidato cha sita na vyuo wakarudi 1 Juni, wengine 29 Juni. Kenya ilitangaza kufunga tarehe 15 Machi, na mwezi Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza kuwa mwaka ule wa masomo umepotea. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi Oktoba, waliobaki wakasubiri hadi Januari 2021. Uganda ilifunga Machi 2020 na haikufungua kwa wanafunzi wote hadi 10 Januari 2022, kufungwa kulikokuwa kurefu kuliko kote duniani. Kwa hesabu za UNESCO, mwezi ule wa Aprili zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 walikuwa nyumbani.

Serikali hazikukaa kimya. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni, Kenya ikasukuma masomo kupitia taasisi yake ya mitaala, KICD, na Uganda ilichapa vitabu vya kujisomea nyumbani ambavyo havikuwafikia wote. Ukitazama vitu hivyo kwa ujumla, utaona karibu vyote viliibeba shule kama ilivyo na kuishusha sebuleni: mada, maswali, majibu. Mwanafunzi alitakiwa apokee. Nafasi ya yeye kuchagua asome nini, au kusema jambo ambalo mwalimu halijui, ilikuwa ndogo mno.

Sizilaumu kazi za lazima. Mtoto wa darasa la pili anayejifunza silabi hahitaji falsafa ya uhuru, anahitaji mazoezi, na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, haijengeki bila kurudia na kurudia. Hata hivyo ushahidi juu ya kazi za nyumbani zinazoagizwa si mnene kama wazazi wengi wanavyodhani. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alizikusanya tafiti nyingi na kuchapisha majumuisho yake mwaka 2006: kwa wanafunzi wa sekondari, kufanya kazi za nyumbani kulikwenda pamoja na matokeo mazuri; kwa wadogo wa msingi, uhusiano huo ulikuwa hafifu. Yule mtoto wa miaka tisa anayelilia maswali 40 saa mbili usiku, mama kasimama juu yake na mwiko, huenda hapati faida tunayoidhania.

Kusoma kwa hiari kuna habari nyingine. Mapema miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi katika shule za vijijini za Fiji, vitabu 250 kwa kila darasa, kwa watoto ambao Kiingereza kilikuwa lugha yao ya pili. Watoto wakavisoma kwa raha yao, bila kuandamwa na maswali ya ufahamu kila ukurasa. Baada ya miezi minane walikuwa wamepiga hatua za kusoma takriban mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Sisi ambao watoto wetu wanamaliza darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza, habari hiyo ya Fiji inatuhusu kuliko inavyowahusu wengi.

Lakini Fiji vitabu vilikuwa darasani na mwalimu yupo. Je, nyumbani? Hapa ndipo utafiti mmoja uliponisaidia sana kufikiri. James Kim na Thomas White, mwaka 2008, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watoto wa gredi ya tatu hadi ya tano nchini Marekani wakati wa likizo ya kiangazi. Kundi moja lilipelekewa vitabu nyumbani, basi. Jingine lilipata vitabu na, kabla ya kufunga shule, walimu waliwazoeza watoto kusoma kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani. Kundi jingine lilipata hayo yote na pia likafundishwa namna ya kuifuatilia maana ya kinachosomwa. Wale waliopelekewa vitabu peke yake hawakuonekana kuwazidi wasiopata kitu. Waliowazidi waziwazi ni wale wa kundi la mwisho, waliokuwa na kitabu, na mbinu, na mtu wa kuwasikiliza.

Mtu anaweza kunijibu kwa kazi ya Richard Allington na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2010. Huko Florida, watoto wa familia maskini walipewa vitabu 12 kila mwaka, kwa likizo tatu mfululizo, na mwishoni walikuwa wamewapita wenzao kwa kusoma. Hakukuwa na mafunzo mengi. Ni kweli, na naliheshimu jibu hilo. Lakini watoto wale walivichagua vitabu wenyewe, kwa mikono yao, na waliendelea kuvipata kwa miaka mitatu. Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja naona zinaelewana: mtoto akichagua na akapewa muda wa kutosha, kusoma huanza kujibeba, akiletewa tu asichokichagua kwa miezi miwili, kitabu kitakuwa cha kufunikia sufuria.

Na umuhimu wa mtu wa upande wa pili umeonekana karibu nasi zaidi. Botswana, shule zilipofungwa mwaka 2020, Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walizigawa kaya zipatazo 4,500 katika makundi. Nyingine zilitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wa simu wenye maswali ya hesabu. Nyingine zilipata ujumbe pamoja na simu ya mwalimu ya dakika 15 hadi 20. Ujumbe peke yake haukubadilisha kitu cha kuonekana. Ujumbe na sauti ya mtu ulibadilisha. Lilikuwa somo la hesabu, najua, na simu ya tochi isiyo na intaneti. Kama hesabu inahitaji sauti ya mtu, insha je?

Kwetu sisi hili lisingetakiwa kutafutiwa ushahidi ng'ambo. Hadithi ya Kiswahili haianzi mpaka anayesikiliza ajibu. Bibi akisema "Paukwa!" na watoto wakanyamaza, bibi naye hunyamaza, anangoja "Pakawa!" ndipo aendelee. Mtoto aliyeandika kurasa sita nyuma ya daftari amesema paukwa, na mara nyingi nyumba nzima iko kimya.

Tena jamii yetu ina historia ndefu ya watu wazima kusoma na kuandika nyumbani bila kulazimishwa na yeyote. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji ukumbi wa kupeleka barua na mashairi yao, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa walioandika humo. Watu walitunga usiku baada ya kazi, wakatia barua posta, wakasubiri mwezi mzima kuona kama jina lao limetoka. Baadaye ikaja kampeni ya kisomo cha watu wazima, na mwaka 1974 Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wale waliokuwa wametoka kujua kusoma; waliolipanga walijua kuwa mtu aliyefunzwa kusoma na kuachwa bila cha kusoma atasahau. Kisha kadi za salamu. Nani aliyekulia Afrika Mashariki asiyewakumbuka? Watu walinunua kadi, wakaandika majina kumi ya jamaa na ujumbe wa mstari mmoja, wakatuma redioni ili mtangazaji awasome. Hakuna mtihani uliowahi kuwafanya watu wengi kiasi kile waandike kwa hiari. Kilichowavuta ni uhakika kwamba siku moja watasomwa, kwa sauti, na wengine watasikia.

Sasa nije kwenye ugumu wenyewe, kwa kuwa kazi za hiari zina hatari zake na sipendi kuzifunika. Iliyo kubwa ni kwamba hiari huwafaidi kwanza walio nacho. Mwalimu akisema "anayependa asome kitabu kimoja cha ziada," mwenye rafu ya vitabu sebuleni atasoma vitatu. Asiyenacho hana cha kupenda. Mtafiti Keith Stanovich alilieleza hili mwaka 1986: anayesoma vizuri husoma zaidi, na akisoma zaidi husoma vizuri zaidi, huku pengo na mwenziwe likipanuka. Likizo moja ya kazi za hiari zisizo na vitabu inatosha kulipanua pengo hilo.

Na muda nao si sawa. Msichana wa darasa la sita akirudi kutoka kisimani ana vyombo vya kuosha, ana mdogo wake wa kubeba, halafu ana chakula cha jioni. Kaka yake ana saa nzima ya mwanga. Mwalimu anayetoa kazi ya hiari bila kumwambia mzazi kwamba binti anahitaji nusu saa yenye mwanga amempa kijana peke yake kazi ile. Nimeona mama mmoja akilitatua hili kwa amri rahisi: baada ya alasiri, kabla ya moto kuwashwa, kila mtoto anakaa na maandishi, wa kiume na wa kike, hata kama maandishi ni kipande cha gazeti kilichofungia maandazi. Dakika ishirini. Sijaona mpango wa shule unaozidi huo kwa manufaa.

Hatari nyingine ni hiari kugeuzwa lazima kwa mlango wa nyuma. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, na sababu zinajulikana: tuisheni iliyoitwa ya kupenda ikawa na ada, na asiyelipa akajikuta nyuma ya darasa muhula ulipofunguliwa. Vifurushi vya likizo vinaweza kufuata njia hiyohiyo. Mara tu kazi "ya hiari" inapopewa alama, au orodha ya waliofanya inapobandikwa ukutani, watoto wanaelewa upesi kuliko sisi kwamba hakuna hiari pale. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na mtoto wa shule anaujua utumwa wa maswali 40.

Tufanyeje basi? Kwa upande wa kusoma, tatizo la kitabu lina njia za kupunguzwa. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusu mtu yeyote kuzichapa bila malipo. Mwalimu mmoja mwenye mashine ya kutoa kopi anaweza kutengeneza vitabu vidogo 30 kabla ya kufunga shule na kuwaacha watoto wachague, wabadilishane kila Jumamosi chini ya usimamizi wa kiranja. Huko Garissa, Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya imewapelekea wafugaji vitabu juu ya ngamia tangu miaka ya 1990, jambo linaloonyesha kuwa umbali si sababu ya kukata tamaa. Na vitabu viwe vya ngazi tofauti. Mtoto wa darasa la sita anayesoma kwa kugugumiza aruhusiwe kuchukua cha darasa la tatu bila kuchekwa. Wa kidato cha kwanza aruhusiwe kusoma riwaya ya Kiswahili hata kama masomo yake yote yamekuwa ya Kiingereza. Anayependa kusoma kwa lugha moja ana pa kuanzia akienda kwa lugha ya pili.

Kuandika kunahitaji vitu vichache zaidi, na ndiko ninakoweka matumaini yangu makubwa. Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja ina mambo tele ya kuandikwa. Mtoto aandike vitendawili vitano ambavyo bibi anavijua na mwalimu havijui. Aandike jina la kila kanga iliyomo kabatini na aulize mama aliipata wapi. Aandike namna shangazi anavyopika samaki wa nazi, hatua kwa hatua, ili mtu asiyewahi kupika aweze. Aeleze jinsi jirani alivyotengeneza baiskeli. Aandike barua kwa rafiki aliyehama. Kazi kama hizi zinamgeuza mtoto kuwa mwenye habari na mwalimu kuwa mwenye kutaka kujua, na mzazi asiyejua kusoma anapata kazi yake: yeye ndiye chanzo, tena ndiye hadhira ya kwanza jioni mtoto anaposoma alichokiandika. Haihitaji mtu awe amesoma ili aulize, "Halafu ikawaje?"

Limebaki jambo gumu kuliko yote: msomaji. Darasa la wanafunzi 90 si ajabu katika shule zetu nyingi, na mwalimu wa hapo hawezi kurudi kutoka likizo akasome madaftari 90 kwa siku moja. Akilazimishwa atapiga vema kila ukurasa bila kusoma, na watoto watajua. Ila anaweza kusoma sita kwa siku. Kwa siku 15 za shule, wiki tatu, kila mtoto atakuwa amesomwa. Na asisahihishe. Nasema hivi nikijua walimu wengi watanipinga. Kalamu nyekundu ina mahali pake, kwenye insha ya darasani na kwenye imla. Kwenye kazi ya hiari mwalimu aandike sentensi mbili tu: moja inayoonyesha amesoma, moja inayouliza. Nukta zitafundishwa kesho darasani, kwa wote, kwa mifano ya ubaoni.

Niliijaribu njia hiyo kwa mpwa wangu. Chini ya ukurasa wa sita niliandika kwamba nimemhurumia yule kuku alipofika kwa muuza mayai, kisha nikauliza: vifaranga walikuwa wanamtafuta mama yao au walikuwa wanacheza tu? Siku ya tatu daftari likarudi na kurasa nne mpya. Katikati ya kurasa hizo, pale vifaranga wanapozungumza, alikuwa ameanza kutia alama za mtajo, kwa makosa, lakini alama zenyewe. Hakuna aliyemwambia. Nadhani alizihitaji ili nielewe nani anasema nini.

Jambo moja zaidi alinifundisha yeye, na sikuwahi kulifikiria kabla. Aliniomba ruhusa ya kukunja ukurasa. Ukurasa uliokunjwa mjomba asiusome. Nikakubali, na tangu hapo nimewashauri walimu kadhaa waweke sharti hilo mwanzoni kabisa, siku ya kugawa madaftari, maana kuna mtoto ana msiba ndani ya nyumba, kuna mwenye hofu asiyoweza kuitaja mbele ya mtu, na wote hao wanahitaji mahali pa kuandikia. Mwalimu mmoja aliniuliza itakuwaje kama ukurasa uliokunjwa una jambo zito, mtoto anaumizwa na mtu. Ni swali zito, nami nimelijibu hivi: mwambie mtoto siku hiyohiyo kwamba akitaka usomwe, aukunjue tu na kuliacha daftari mezani.

Daftari lile la mwaka 2020 ninalo mimi; alinipa alipoingia kidato cha kwanza. Kurasa mbili za mwisho zimekunjwa, na sijazikunjua.